Mkasi Uliobaki Gede

Juma lililopita tuliwaeleza mkutano wa wamama wa ushirika uliotupeleka Mombasa, safari ya basi kupitia Kampala na Nairobi, na miguu yetu iliyovimba njiani. Wengi mlituuliza: mkutano ulikuwa wa siku tatu, nanyi mlikaa siku nne. Siku ya nne mlifanya nini? Swali ni la haki, kwa sababu makuta ya safari yalitoka katika likirimba yetu sote. Juma hili tunajibu.

Siku ya nne tulienda kutazama mji uliokufa.

Tuliotumwa tulikuwa wanne. Mmoja ni mshonaji wa upande wa Nyabiondo, Masisi. Wa pili ni mkulima wa upande wa Pinga, Walikale. Wa tatu ni mwalimu wa shule ya msingi, na wa nne ni binti wa miaka kumi na tisa anayetushikia daftari la hesabu. Majina yao hatuyaandiki. Wenyewe wameomba iwe hivyo, na tena yaliyotokea siku ile yametugusa sote.

Wazo lilitoka kwa mwalimu. Mwenyeji wetu alikuwa amemwambia kwamba kaskazini ya Mombasa, kabla ya kufika Malindi, kuna magofu ya mji wa kale unaoitwa Gede, na kwamba hapohapo kuna nyumba ya makumbusho ambamo vitu vya mji huo vimewekwa. Mkulima wetu alikataa palepale. Tunayaandika maneno yake kama alivyoyasema: «Nilipe makuta nikaone kuta zilizobomoka? Kwetu nimeziona bure.»

Hakuna aliyecheka. Ninyi mnaosoma hapa mnajua kwa nini. Katika ushirika wetu ni wachache wanaolala leo katika nyumba waliyoolewa ndani yake. Wengine wamekimbia mara mbili, wengine mara tano. Wengine wanasoma ukurasa huu katika kambi, wengine kwa jamaa waliowapokea, wengine wamerudi na kukuta majani yamepita kimo cha mtu mahali palipokuwa mlango. Mtu aliyeishi hivyo akiambiwa aende kutazama magofu, ana haki ya kuuliza faida yake ni nini.

Tulipiga kura, tatu kwa moja. Mkulima wetu akasema sawa, atakuja, kwa sababu hawezi kubaki peke yake katika mji asioujua. Lakini akaongeza kwamba atatuuliza tena jioni.

Asubuhi tulipanda matatu, ndiyo taksi-basi ya huko. Tulipita minazi na mashamba makubwa ya mkonge, tukavuka daraja la Kilifi ambapo bahari inaingia ndani ya nchi kama mto mpana. Kwa sisi tuliozoea milima, nchi ile ni bapa mno; binti yetu alisema ni kama mtu ameipiga pasi. Baada ya saa mbili hivi tulishuka kwenye njia panda ya Gede, karibu kilomita 16 kabla ya Malindi, tukaenda kwa miguu.

Mji wenyewe umo ndani ya msitu. Hilo lilimfungua mkulima wetu uso kwa mara ya kwanza siku ile, maana mtu wa Walikale akiingia chini ya miti mikubwa anapumua vizuri. Kuna mibuyu minene, kuna miti ambayo mizizi yake imepanda juu ya ukuta na kuukumbatia hadi hujui kama mti unaushika ukuta usianguke au ukuta unaushika mti. Nyani wadogo wanatembea juu ya kuta kama wenye nyumba. Mmoja alikuja kutazama ndani ya kikapu cha mwalimu, akachukua ndizi, akaenda kuila mahali ambapo zamani mfalme alikuwa akikaa.

Aliyetuongoza ni kijana wa Kigiriama, wenyeji wa sehemu ile. Alitusikia tukisema, akauliza, «Mama zangu, Kiswahili hiki ni cha wapi?» Tulimwambia ni cha Kivu ya Kaskazini, Kongo. Alitushangaa tuliposema makuta, sisi tukamshangaa tulipomtajia sombe naye asijue tunanena chakula gani. Lakini mengine yote tulielewana bila shida, na jambo hilo tu lilitupa furaha: kutoka Pinga hadi bahari ya Hindi, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Alitueleza hivi. Watu walianza kujenga Gede katika karne ya 12 hivi. Ulikuwa mji wa Waswahili, Waislamu, wenye biashara. Mji ulistawi zaidi katika karne ya 15. Ulizungukwa na ukuta wa nje, na ndani yake ukuta mwingine uliozunguka jumba la mfalme, msikiti mkubwa na nyumba za matajiri. Kisha katika karne ya 17 watu walikuwa wameondoka wote. Msitu ukaingia. Kuanzia mwaka 1948 hadi 1958 mtaalamu Mwingereza, James Kirkman, alisimamia kazi ya kuufukua, na mwaka 2024 UNESCO iliuandika mji huu katika orodha ya urithi wa dunia, orodha ileile ambamo hifadhi yetu ya Virunga iliandikwa mwaka 1979.

Tulianza na msikiti mkubwa. Paa halipo tena, lakini nguzo zinasimama kwa safu, na mbele kuna kibla, ile sehemu ya ukuta inayoonyesha upande wa Makka. Kando ya msikiti kuna kisima na birika la maji ya kutawadha. Juu ya mlango mmoja wamechonga ncha ya mkuki katika jiwe. Sisi wengi wetu ni Wakristo, lakini mwalimu alivua viatu bila kuambiwa, nasi tukavua. Mahali palipoombewa kwa miaka mingi namna ile, hata bila paa, mwili unajua wenyewe.

Karibu na hapo kuna kaburi ambalo wanaliita Kaburi la Tarehe, kwa sababu tarehe imechongwa juu yake: mwaka 802 wa Hijria, ambao kwa hesabu yetu ni 1399. Binti yetu alitoa hesabu mara moja: miaka zaidi ya mia sita. Akatuuliza, «Hapa Masisi, yaani kwetu, ni kaburi gani lenye tarehe ya zamani kuliko zote?» Tulitazamana. Hakuna aliyejua.

Baada ya hapo tuliingia katika nyumba za mji, na hapa ndipo siku yetu ilipogeuka.

Nyumba hizo hazikuwa na majina ya wenyewe, kwa maana hakuna anayeyajua. Waliofukua walizipa majina kwa vitu walivyovikuta ndani. Kuna Nyumba ya Simbi. Kuna Nyumba ya Taa ya Chuma. Kuna Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Ushanga wa Venisi, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Kijana aliendelea kutaja huku akitembea, nasi tulimfuata tukichungulia vyumba: hapa ukumbi, hapa ghala lisilo na mlango ambalo mtu aliingia kwa tundu la juu, hapa choo. Ndiyo, choo, kimejengwa vizuri kuliko vingi tunavyovijua leo. Kisha akasema, «Na hii ni Nyumba ya Mkasi.»

Mshonaji wetu alisimama. Akamwomba arudie. Akarudia: Nyumba ya Mkasi.

Wale wanaomfahamu wanajua habari yake, na ametupa ruhusa kuiandika. Siku waliyokimbia alibeba mtoto mgongoni, mwingine akamshika mkono, na juu ya kichwa akaweka kiroba cha unga. Masini yake ya kushona aliifunika kwa kikwembe, akaiacha. Mkasi ulibaki juu ya meza, ndani ya nguo ya sare ya shule ambayo ilikuwa haijamalizika kukatwa. Aliporudi baada ya miezi kadhaa hakukuta meza, wala masini, wala mlango. Masini nyingine ameipata tangu hapo. Lakini mara kwa mara hutuambia kwamba usiku anauona ule mkasi.

Alikaa kwenye ukuta mfupi wa nyumba ile, akasema polepole: «Mtu haachi mkasi akiwa na nafasi ya kufunga mzigo.»

Kijana wa kutuongoza hakumharakisha. Alisubiri, kisha akaeleza kwamba hakuna anayejua kwa hakika kwa nini watu wa Gede waliondoka. Wengine husema maji ya visima yalizidi kwenda chini. Wengine husema biashara ilihama Wareno walipojijenga Mombasa na ngome yao waliyoianza mwaka 1593. Wengine husema vita, kwanza kutoka kusini, halafu Waoromo walioshuka kutoka kaskazini. Labda yote kwa pamoja. Mshonaji wetu alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, «Kaka, ni yote kwa pamoja. Siku zote ni yote kwa pamoja.»

Tulipotoka pale, mkulima wetu, yule aliyepinga safari, ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko yote. Alitazama kuta za mawe, akasema, «Hizi ni nyumba za matajiri. Wenye kulima walikaa wapi?»

Kijana alinyosha mkono akatuonyesha msituni, kati ya ukuta wa ndani na ukuta wa nje. Hatukuona kitu. Miti tu, na majani makavu chini. Akasema, «Hapo. Walikuwa wengi kuliko wa humu ndani. Nyumba zao zilikuwa za miti na udongo, na paa la majani. Matajiri walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kwa hiyo kuta zao ziko mpaka leo. Za wengine zimeliwa na mvua na mchwa.»

Mkulima wetu alitazama sana upande ule. «Basi mimi ningekaa pale,» alisema.

Tuliendelea kimya. Nadhani, tukizungumza sote kwa sauti moja, hapo ndipo tulipofahamu kwa nini tumekuja. Nyumba zetu za Masisi ni za mbao na mabati. Za Walikale ni za miti na udongo, nyingine na paa la majani. Mbao hubebwa, mabati hubebwa, udongo hurudi udongo. Misimu michache ya mvua ikipita, hata mtaalamu mwenye vyombo vyake atapata shida kujua kwamba hapa mama fulani alizaa watoto saba na kuwaozesha wanne. Jiwe linajitetea lenyewe kwa miaka mia sita. Nyumba yetu haijitetei. Ikiwa hakuna anayesema wala kuandika, basi ni msitu na majani makavu.

Nyumba ya makumbusho ni ndogo, unaizunguka kwa muda mfupi. Ndani kuna vitu vilivyotoka ardhini: vipande vya bakuli za kaure kutoka China, shanga, vitu vya chuma, taa. Vitu vingine vya Gede vilipelekwa Mombasa katika Fort Jesus, ile ngome ya Wareno ambayo tangu miaka ya 1960 ni makumbusho. Watalii walijazana mbele ya kaure ya China, na ni haki yao, maana rangi yake inapendeza. Sisi tulikaa zaidi kwenye vyungu. Wataalamu walipofukua mji, vigae vya vyungu vya kawaida vilivyofinyangwa hukohuko pwani ndivyo walivyovipata kwa wingi kupita vya kigeni. Chungu cha mboga, chungu cha maji, kingine kimeungua chini kama vyetu. Mwalimu alituambia tuangalie: kila chungu kilichoungua ni mama aliyeondoka jikoni kidogo akaenda kumtuliza mtoto.

Kisha tukaziona simbi. Wazee wetu wanazijua. Kule upande wa Walega, majirani wa Walikale kwa kusini, kofia za wakubwa wa Bwami zilipambwa kwa simbi, na nyanya zetu wengine walizivaa shingoni au kuzitoa mahari. Simbi haiishi mtoni wala katika ziwa letu la Kivu. Ni mnyama wa bahari yenye joto. Kila simbi iliyofika milimani kwetu ilibebwa na watu, mkono kwa mkono, soko kwa soko. Mkulima wetu aliikumbuka shanga ya mama yake yenye simbi tatu, akasema kwa mshangao, «Kumbe mama yangu alivaa bahari, na hakuwahi kuiona.»

Kabla ya kuondoka tulimshukuru kijana, naye akatuuliza, kwa heshima, swali ambalo tungejiuliza wenyewe zamani: «Mama zangu, na kwenu kuna nini cha kale?»

Tuliona haya kwanza. Kisha mwalimu akamjibu, na tunataka watoto wetu walijue jibu hilo kwa kichwa.

Katika jimbo letu, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, ndani ya hifadhi ya Virunga, kuna mahali panapoitwa Ishango. Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alifukua hapo mfupa mdogo, urefu wake kama sentimita kumi, wenye alama zilizokatwa kwa safu tatu, na kipande cha jiwe la kwatsi kimechomekwa kwenye ncha moja. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000. Gede, na mawe yake yote, ni mtoto mchanga mbele yake. Wataalamu wanabishana kuhusu alama hizo: wengine huziona kama hesabu, wengine huziona kama kalenda ya mwezi. Mwandishi mmoja mama wa Marekani, Claudia Zaslavsky, aliuliza nani hasa alikuwa na haja ya kuhesabu siku za mwezi, na akadokeza kwamba aliyezikata alama zile huenda alikuwa mwanamke. Wamama, ninyi mnaoweka alama ukutani kwa mkaa, mnaelewa alichotaka kusema.

Kijana alifurahi sana. Akauliza, «Na mfupa huo uko wapi, ili nikija niuone?» Tukamwambia uko Brussels, Ubelgiji. Akanyamaza kidogo, akasema, «Basi hata ninyi hamjauona.» Ni kweli. Hatujauona. Kinshasa kuna makumbusho mapya ya taifa yaliyofunguliwa mwaka 2019, lakini Mombasa tulifika kwa basi, na Kinshasa hatufiki ila kwa ndege.

Mwalimu akaongeza jambo la pili, na hili ni la Walikale. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, mzee aitwaye Shé-Kárisi Candi Rureke alimsimulia Mbelgiji Daniel Biebuyck hadithi kubwa ya Mwindo, akiimba na kucheza, kwa siku nyingi. Mwanafunzi wa lugha, Kahombo Mateene, yeye mwenyewe Mnyanga, alishughulika naye katika kuitafsiri, na kitabu kikatoka mwaka 1969. Leo watu wanaisoma katika vyuo vikuu vya mbali. Kijiji kile hakina ukuta wa mawe. Hakuna gofu la kuonyesha watalii. Lakini maneno ya mzee yule yamesimama kama nguzo za msikiti wa Gede, kwa sababu alikuwako mwenye kusema, na alikuwako mwenye kuandika kabla mzee hajaondoka.

Jioni, tukila mahamri na mbaazi za nazi, mkulima wetu alitimiza ahadi yake. Akauliza, «Haya, makuta yametoka. Faida ni nini?» Na yeye mwenyewe akajibu kabla yetu: «Tununue daftari.»

Wamama, hili ndilo tunalowaletea. Ushirika umekubali kwamba kila kikundi kitakuwa na daftari moja la kumbukumbu za nyumba. Gharama yake ni ndogo: daftari la kurasa mia na kalamu. Kila mama, aliyekimbia au asiyekimbia, atapewa ukurasa wake. Asiyejua kuandika ataandikiwa na binti au kijana wa kikundi, kisha atasomewa ili ahakikishe maneno ni yake. Tunapendekeza ukurasa ujibu mambo haya matano:

Jina la kijiji, na kwa nini kinaitwa hivyo. Mahali mlipochota maji, na nani alikuwa akifika kwanza asubuhi. Mti mkubwa uliokuwa karibu na nyumba. Nani amezikwa wapi, na mwaka gani ikiwa unaukumbuka. Na la mwisho: kitu kimoja ulichokiacha.

Tumeonywa, na tumekubali onyo hilo, kwamba katika wilaya zetu mbili karatasi inaweza kuwasha moto. Ardhi imetugombanisha vya kutosha. Kwa hiyo daftari hili haliandiki mipaka ya shamba, haliandiki nani alimfukuza nani, wala kabila la mtu. Anayetaka kudai shamba ana njia zake kwa wazee, kwa machifu na kwa korti. Daftari ni la kisima, mti, kaburi na jina. Yule aliyekuwa jirani yako na leo hamsalimiani, naye anakijua kisima kilekile. Aandike naye. Na pale ambapo kuweka daftari katika nyumba ni hatari, kikundi kitafute mahali pengine salama, au kisubiri. Hakuna ukurasa unaozidi uhai wa mtu.

Mmoja wa viongozi wetu wazee, aliposikia habari hii, alituuliza kama hatuoni kwamba kuandika nyumba ni kukubali kwamba zimekwisha, kama mtu anayemwandikia mgonjwa risala ya mazishi. Tulilifikiri neno hilo siku mbili, kwa maana si neno la kudharau. Jibu lilitoka kwa mshonaji. Alisema kwamba watu wa Gede hawakurudi, na hakuna hata mmoja aliyesalia kusema mkasi ule ulikuwa wa nani. Sisi tuko hai. Anayeandika alipoacha mkasi wake anajua njia ya kuurudia. Mzee alisikiliza, akatoa makuta ya madaftari mawili.

Kwa watoto tunatoa kazi ndogo ya juma hili. Ukimwona nyanya yako amekaa, kaa naye, umwulize maswali matatu. Alipokuwa na umri wako, alikuwa akilala katika nyumba ya namna gani? Ni wimbo gani alitwanga nao? Ni kitu gani cha mama yake angependa kukishika tena mkononi? Usimkatishe. Akilia, mshike mkono. Akicheka, cheka naye. Halafu mwambie mkubwa mmoja aandike. Kurasa nzuri tutazisoma katika mkutano wa mwisho wa mwezi, kwa ruhusa ya wenyewe.

Kuhusu hesabu ya siku ile, binti yetu ameandika kila kitu: nauli ya matatu kwenda na kurudi, kiingilio cha watu wanne, chakula, na ndizi moja iliyochukuliwa na nyani, ambayo mweka hazina amekataa kuirudisha kwa mwalimu kwa sababu haina risiti. Daftari liko wazi kwa kila mwanachama.

Na mshonaji wetu? Siku ya kurudi, sokoni Mombasa, alisimama mbele ya meza ya vyombo vya chuma, akachagua mkasi mzito wa kukatia nguo, akajaribu makali yake juu ya uzi. Alilipa kwa makuta yake mwenyewe. Katika basi alikuwa ameufunga ndani ya kikwembe, juu ya magoti, njia nzima. Tulipofika alitushangaza: alikuwa amemwomba fundi wa sokoni achonge herufi tatu za jina lake na mwaka kwenye chuma.

«Wakiukuta,» alisema, «wasiite Nyumba ya Mkasi. Waite kwa jina langu.»

Juma lijalo tutawaeleza jambo jingine tuliloliona kando ya magofu hayo, ambapo familia za karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuwauza bila kukata mti. Wamama wa Walikale, hilo ni lenu hasa. Mpaka hapo, kaeni salama, na ununuzi wa madaftari uanze.